Viungo 2,015: uchambuzi wa kisa cha JCPenney na Google, Februari 2011

Jumatano ya tarehe 9 Februari 2011, saa moja jioni kwa saa za New York, mtu aliyeingia Google kutafuta begi la Samsonite la kupanda nalo ndegeni aliletewa JCPenney, kampuni ya maduka ya Marekani, mahali pa kwanza, juu ya tovuti ya Samsonite wenyewe. Saa tatu usiku huohuo JCPenney ilikuwa nafasi ya 71. Aliyetafuta samani za sebuleni aliona jambo lilelile: saa moja nafasi ya 1, saa tatu nafasi ya 68. Bidhaa zilikuwa zilezile, bei zilezile, na tovuti ilikuwa hewani muda wote. Katika zile saa mbili Google ilikuwa imeamua kuishusha kampuni hiyo kwa makusudi, kwa sababu ilikuwa imeonyeshwa ushahidi isioweza kuukwepa.

Kwa umri wa intaneti kisa hiki ni cha zamani, lakini ndicho ninachomsimulia mwenye tovuti yeyote anayeniuliza kama anunue viungo, yaani maneno kwenye tovuti za wengine ambayo ukiyabonyeza yanakuleta kwenye tovuti yake. Visa vingi vya aina hii huishia kwenye tetesi: fulani aliadhibiwa, hajui kwa nini, akarudi, hajui vipi. Hiki kina tarehe, kina saa, kina hesabu za kabla na baada, na wahusika wakuu walizungumza hadharani. Ukikisoma kwa utulivu kinakuonyesha kitu kimoja ambacho wengi hukiruka: kosa la JCPenney lilianza siku kampuni ilipokubali kulipia nafasi bila kuuliza nafasi hiyo inapatikanaje.

Haikuwa kampuni ya kubahatisha. Chimbuko lake ni duka ambalo James Cash Penney alilifungua kwa ubia mwaka 1902 katika mji mdogo wa Kemmerer, Wyoming. Kufikia 2010 ilikuwa na maduka zaidi ya 1,100 nchini Marekani, makao makuu yake yakiwa Plano, Texas, na mauzo ya mwaka yalikuwa karibu dola bilioni 17.8. Kwa miongo mingi familia za Marekani ziliagiza nguo na mapazia kupitia katalogi yake nene iliyoletwa na posta. Katalogi hiyo ilikuwa ndiyo kwanza inaachwa, na tovuti ilitakiwa kubeba kazi yake. Hapo ndipo kupatikana kwenye utafutaji kulipoanza kuwa na uzito mpya.

Na kweli ilipatikana. Katika msimu wa sikukuu wa mwishoni mwa 2010, kwa miezi kadhaa, JCPenney ilishika nafasi ya kwanza, au iliikaribia, kwa maneno ambayo kila muuza nguo na vyombo vya nyumbani Marekani angeyatamani: magauni, matandiko, mazulia, jinzi za kubana, mapambo ya nyumba, samani, vitambaa vya meza. Kuongoza kwa neno moja ni jambo la kawaida kwa duka kubwa. Kuongoza kwa makumi ya maneno yasiyohusiana, ukiwapita wanaotengeneza bidhaa zenyewe, kunahitaji maelezo.

Maelezo hayo yalitafutwa na mwandishi wa gazeti la New York Times, David Segal. Aliomba mtaalamu wa kampuni ya Blue Fountain Media ya New York achunguze ni nini kinaipandisha tovuti hiyo. Alichokuta ni viungo. Kurasa 2,015 zilikuwa na maneno kama magauni ya kawaida, magauni ya jioni au gauni fupi jeusi, na ukibonyeza maneno hayo unapelekwa moja kwa moja kwenye ukurasa wa magauni wa JCPenney. Kurasa zenyewe hazikuwa za mitindo. Zilikuwa za magonjwa, kamera, mbwa, kukoroma, vigae vya bafuni, uvuvi, mashine za kutobolea kwa almasi, vichekesho, madaktari wa meno. Baadhi ya tovuti zilionekana zimetelekezwa kabisa, hazina kitu isipokuwa viungo vya kwenda kwingine.

Ili kuelewa kwa nini takataka hizo zilifanya kazi, inabidi kurudi nyuma kidogo.

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Stanford, walieleza njia waliyoiita PageRank. Kabla yao injini za utafutaji zilitegemea zaidi maneno yaliyomo kwenye ukurasa, na yeyote aliyetaka kupanda alirudia neno lake mara mia. Page na Brin walihamishia macho nje ya ukurasa. Tovuti ikiwekewa kiungo na tovuti nyingine, hiyo ni kama kutajwa kwa wema na mtu asiye ndugu yako: sifa njema ya mwenye genge haitoki kinywani mwake, hutoka kwa majirani wanaonunua kwake. Zaidi ya hayo, sifa ya jirani anayeheshimika inahesabiwa kuliko ya mpita njia. Na maneno yaliyobeba kiungo nayo yanasomwa. Watu wengi wakikuunganisha kwa neno magauni, injini inaelewa kwamba ukurasa wako unahusu magauni.

Wazo hilo ni zuri, na bado ni moja ya nguzo za utafutaji hadi leo. Udhaifu wake ni kwamba linachukulia kila kiungo kimewekwa kwa hiari. Mara tu kiungo kilipopata thamani, kilipata bei. Yakazuka masoko ambako mwenye tovuti anatoa nafasi kwenye kurasa zake na programu inajaza viungo vya wanaolipa. Mmoja wa wenye tovuti zilizokutwa na viungo vya JCPenney alilieleza gazeti kwamba viliingia kupitia soko la namna hiyo liitwalo TNX, na malipo yake yalikuwa pointi ambazo yeye alizitumia kununua viungo vya tovuti zake nyingine. Tazama jinsi mzunguko huo ulivyo. Hakuna msomaji hata mmoja ndani yake. Kurasa zinaunganisha kurasa, pointi zinanunua viungo, na mtu anayetafuta gauni la harusi ya dada yake yuko nje kabisa, akipokea matokeo yaliyopangwa na biashara asiyoijua.

Google ilikuwa na sheria dhidi ya hili tangu zamani. Mwaka 2005 Google, Yahoo na Microsoft walikubaliana juu ya alama ya nofollow, ambayo mwenye tovuti anaiweka kwenye kiungo kuiambia injini isikihesabu kama sifa. Kwa hiyo kununua tangazo lenye kiungo hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kununua kiungo na kukiacha kijifanye ni cha hiari.

Sasa turudi kwenye ile wiki ya Februari, maana mpangilio wake una mengi. Kwa maneno 59 yaliyofuatiliwa, wastani wa nafasi ya JCPenney tarehe 1 Februari ulikuwa 1.3. Tarehe 8 ulikuwa 4. Tarehe 10 ulikuwa 52. Wasimuliaji wengi huichukua hatua ya kwanza na ya mwisho tu, wakaiacha ile ya katikati. Kushuka kutoka 1.3 hadi 4 kulitokana na badiliko la algoriti, yaani kanuni ambazo mtambo hutumia kupanga matokeo, ambalo Google ilikuwa imeanza kulisambaza kabla gazeti halijawapelekea ushahidi. Kutoka 4 hadi 52 ilikuwa hatua ya binadamu: watu wa kitengo cha kupambana na udanganyifu, kilichoongozwa wakati huo na Matt Cutts, waliishusha tovuti hiyo moja kwa jina. Habari yenyewe ilichapishwa mtandaoni Jumamosi ya tarehe 12.

Tofauti ya hatua hizo mbili ni muhimu kwa yeyote anayesimamia tovuti. Algoriti inapobadilika, tovuti yako inapimwa upya pamoja na mamilioni ya nyingine, hakuna barua inayokuja, na hakuna wa kumwomba msamaha. Unarekebisha kazi yako na kusubiri. Hatua ya binadamu ni uamuzi juu yako wewe. Siku hizi huletwa kwa ujumbe ndani ya Search Console, ile huduma ya bure ya Google ya wenye tovuti, na ina njia yake ya kukata rufaa. Watu hupoteza miezi wakitibu ugonjwa wa kwanza kwa dawa ya pili. Nafasi zikishuka, jambo la kwanza ni kufungua Search Console kuona kama kuna ujumbe. Kama haupo, hukuadhibiwa na mtu.

JCPenney ilijibu haraka. Ilisema haikuidhinisha viungo hivyo, haikuhusika navyo wala haikuvijua, na kwamba ingefanya kazi ya kuviondoa. Kampuni ya ushauri iliyokuwa ikisimamia utafutaji wake ilifukuzwa. Pia ilisema kwamba ni asilimia 7 tu ya wageni wa tovuti yake waliotokana na matokeo ya kawaida ya utafutaji, na kwamba faida ya msimu ilitoka zaidi kwenye ushirikiano na makampuni kama Yahoo na Time Warner, kwenye programu za simu na kwenye mashine za kuagizia zilizowekwa madukani.

Nani hasa aliyelipia viungo hakikuthibitishwa hadharani, na sitamtwika mtu mzigo huo. Hata tukikubali neno la kampuni kwamba hakuna mtu Plano aliyejua, bado jibu hilo halinitoshi. Kampuni yenye mauzo ya mabilioni ina watu wa mahesabu wanaouliza kila shilingi imekwenda wapi. Ukiwa unaongoza kwa mabegi ya Samsonite kuliko Samsonite, kwa miezi, swali la kwanza la meneja mwadilifu ni: tumefanya nini kustahili hili? Kwa mtazamo wangu swali hilo halikuulizwa kwa sababu matokeo yalikuwa matamu. Mtu unayemlipa kwa kipimo kimoja, yaani nafasi, atakuletea nafasi. Ukitaka akuletee pia uhalali, lazima uuweke kwenye mkataba na uukague.

Ile asilimia 7 nayo inahitaji kutazamwa mara mbili. Inawezekana kabisa ni ya kweli, lakini asilimia 7 ya tovuti kubwa kiasi kile ni umati, na ni umati wa watu waliokuwa tayari na nia ya kununua. Hesabu ya kampuni ya Chitika, iliyotajwa katika habari ileile, ilionyesha kwamba kwa wastani asilimia 34 ya wanaobonyeza matokeo ya Google walikwenda kwa tovuti ya kwanza, mara mbili ya wanaokwenda kwa ya pili. Neno magauni peke yake lilikadiriwa kutafutwa mara milioni 11.1 kwa mwezi. Mwenye duka yeyote anaelewa maana ya kusimama mbele ya mlango ambao watu wengi namna hiyo wanaupita.

Upande wa Google hauna usafi wa kujivunia pia, na hapa nataka kukaa kidogo.

Kwanza, Google ilikiri kwamba ilishawahi kuikamata JCPenney mara tatu kabla ya hapo kwa kuvunja miongozo yake, mara ya mwisho ikiwa Novemba 2010. Kila mara hatua zilichukuliwa, kisha hakuna aliyerudi kuangalia kama makosa yameendelea. Maana yake ni kwamba wakati wa msimu mkubwa kuliko yote wa biashara, tovuti yenye rekodi ya makosa iliongoza kwa makumi ya maneno, na mtambo uliosifiwa kuwa mwerevu kuliko yote duniani haukushtuka. Aliyeshtuka ni mwandishi wa habari na mtaalamu mmoja, kwa zana ambazo yeyote angeweza kuzitumia.

Pili, kulikuwa na suala la pesa. Nyaraka za ndani za Google zilizochapishwa na jarida la Advertising Age zilionyesha kwamba JCPenney ilikuwa ikitumia kiasi cha dola milioni 2.46 kwa mwezi kwenye matangazo ya utafutaji ya Google. Swali likaja lenyewe: je, mteja mkubwa wa matangazo alifumbiwa macho? Cutts alikana, na sijaona ushahidi wa kumpinga. Nionavyo mimi, maelezo yaliyo rahisi ndiyo ya kweli: kitengo chake kilikuwa na tovuti nyingi mno za kufuatilia. Lakini swali halikuwa la chuki. Tarehe 30 Novemba 2010 Tume ya Ulaya ilikuwa imefungua uchunguzi rasmi juu ya madai kwamba Google hutumia vibaya nguvu yake katika utafutaji. Kampuni inayoamua nani aonekane, na papo hapo inauza nafasi za kuonekana, itaulizwa swali hilo kila siku, na ni haki iulizwe.

Adhabu yenyewe ilidumu takriban siku 90. Mei 2011 JCPenney ilianza kurudi kwenye kurasa za mwanzo. (Kwa kuwa wapo wanaouunganisha mwaka huo na kampuni kuomba ulinzi wa mufilisi Mei 2020, niseme wazi kwamba sioni uhusiano. Kilichowaangusha ni madeni, uongozi uliobadilika-badilika, na mwishowe janga la korona lililofunga maduka.)

Je, siku 90 ni nyingi au chache? Ukiziweka kando ya visa vingine, picha inakuwa na mikunjo. Februari 2006 tovuti ya Ujerumani ya BMW iliondolewa kabisa kwenye Google kwa kutumia kurasa za mlangoni: injini ilionyeshwa ukurasa uliojaa neno la magari yaliyotumika, na mtu akiufungua anarushwa kwingine. Ilirudi baada ya siku chache. Februari hiyohiyo ya 2011 duka la mtandaoni la Overstock liliadhibiwa kwa kuvipa vyuo vikuu sababu ya kuweka viungo: wanafunzi na wahadhiri walipata punguzo, na chuo kiliweka kiungo cha kwenda kwenye bidhaa fulani. Hapo tovuti zilikuwa halisi na zenye heshima, jambo linaloonyesha kwamba ubora wa anayekuunganisha haufuti ukweli kwamba kiungo kimenunuliwa. Desemba 2013 Rap Genius, tovuti ya mashairi ya nyimbo, iliahidi kuwatangaza kwenye Twitter wanablogu watakaoweka viungo vyake. Iliadhibiwa siku ya Krismasi na ilirudi tarehe 4 Januari 2014.

Siku chache, siku kumi, siku tisini. Nimejaribu kuona kanuni hapo na ninachokiona ni hiki: tovuti ambayo watu wanaitafuta kwa jina hurudi upesi, kwa sababu kukosekana kwake kunaifanya Google yenyewe ionekane mbovu. Mjerumani anayetafuta BMW asipoipata ataona kasoro iko Google. Hakuna atakayegundua kwamba tovuti ya fundi viatu wa Morogoro au ya wakala wa utalii wa Malindi haipo. Ndiyo maana mtu mdogo akiiga mchezo wa wakubwa anabeba hatari ambayo wao hawakuibeba. JCPenney ilikuwa na maduka 1,100 ya kuishikilia kwa siku tisini. Wakala wa Malindi ana simu ambayo haitaita msimu mzima.

Kuanzia mwezi ule sheria ilianza kuhamia ndani ya mtambo. Mwishoni mwa Februari 2011 ilikuja Panda, jina la badiliko la algoriti ya Google, iliyogusa asilimia 11.8 ya utafutaji nchini Marekani; hiyo ililenga maudhui hafifu, si viungo, lakini ilitoka siku zilezile na watu wengi huzichanganya. Iliyolenga viungo ilikuja tarehe 24 Aprili 2012: Penguin, ambayo kwa hesabu ya Google iligusa takriban asilimia 3.1 ya utafutaji wa Kiingereza. Mwezi Oktoba mwaka huo Google ilitoa zana ya kukana viungo, ambayo kwayo mwenye tovuti anaorodhesha viungo anavyoomba visihesabiwe.

Badiliko kubwa kuliko yote, na lisilozungumzwa vya kutosha, ni la Septemba 2016. Penguin iliingizwa ndani ya algoriti kuu, ikawa inafanya kazi muda wote, na badala ya kuishusha tovuti nzima ikaanza kuvipuuza tu viungo vibaya. Desemba 2022 mfumo wa SpamBrain ulipewa kazi hiyo ya kuvibaini viungo vya kununua na kuvifuta thamani, pamoja na kuzibaini tovuti zinazotumika kuviuza. Tafakari maana yake kwa mnunuzi. Zamani alidanganya, akapanda, kisha akakamatwa. Sasa anaweza kulipa, asipande, asipate ujumbe wowote, na muuzaji akaendelea kumtumia ripoti nzuri zenye orodha ya viungo vilivyowekwa. Pesa zinaondoka kimyakimya. Hatua za binadamu bado zipo kwa wanaozidisha, lakini hasara ya kawaida siku hizi ni hii isiyo na kelele.

Hili linawagusa wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Mwenye blogu ya habari Dar es Salaam au Nairobi anayepata wageni wa kutosha hupokea barua pepe za watu asiowajua wakiomba kuweka makala ya mgeni, na ndani ya makala kuna kiungo cha kasino, kamari ya michezo au mikopo. Malipo yanavutia ukilinganisha na kipato cha matangazo ya kawaida. Ninaelewa kishawishi hicho. Kuandika kwa Kiswahili mtandaoni hakulipi kama kunavyostahili. Lakini muuzaji naye yumo kwenye hesabu. Februari 2013 duka la maua la Interflora lilipoadhibiwa Uingereza kwa makala za kulipiwa, tovuti za magazeti ya mikoani zilizozichapisha nazo zilipunguziwa uzito. Na Machi 2024 Google ilitangaza sera dhidi ya tovuti kukodisha heshima yake, yaani kuruhusu mtu wa nje achapishe kurasa kwa kutumia sifa ya mwenyeji. Blogu iliyojengwa kwa jasho la miaka inaweza kupoteza imani ya injini kwa makala ambazo mwenyewe hakuziandika.

Kama unataka kupokea tangazo lenye kiungo, lipokee waziwazi: mwambie msomaji kwamba ni tangazo, na kiungo kiwekewe alama ya sponsored, iliyoongezwa mwaka 2019 kwa kazi hiyo hasa, au ile ya nofollow. Mnunuzi akikataa alama hiyo, umeshajua alikuwa ananunua nini.

Kwa upande wa anayeajiri mtaalamu, mambo ya kukagua hayahitaji ufundi mkubwa. Ndani ya Search Console kuna ripoti ya viungo. Fungua sehemu inayoonyesha maneno yaliyotumika kukuunganisha. Watu halisi wanapokuunganisha hutumia jina lako, anwani ya tovuti, au maneno ya ovyoovyo kama soma hapa. Ukikuta maneno yaleyale ya kibiashara, mathalani safari za bei nafuu Serengeti, yamejirudia kwenye tovuti zisizohusiana na utalii, kuna mtu anafanya kazi kwa jina lako. Ndicho kipimo kilekile kilichoifichua JCPenney: neno magauni kwenye ukurasa wa kukoroma. Mwombe mtaalamu wako orodha ya kila ukurasa alioupatia kiungo na namna alivyoupata. Anayesema hiyo ni siri ya kazi asipewe kazi. Anayekuhakikishia nafasi ya kwanza kwa tarehe fulani vilevile, kwa sababu Google yenyewe imekuwa ikisema wazi kwamba hakuna awezaye kutoa hakikisho hilo.

Na kama ujumbe wa hatua ya binadamu umeshafika, usianze kwa kuandika rufaa. Anza na wenye tovuti zilizokuunganisha: waandikie waondoe viungo, hifadhi barua na majibu, hata yale ya kimya. Vile visivyoondoka vipeleke kwenye zana ya kukana, ukikana tovuti nzima pale inapofaa badala ya ukurasa mmojammoja. Ndipo uandike ombi la kufikiriwa upya, ukieleza nini kilifanyika, nani alikifanya, umeondoa vingapi, na umebadilisha nini ili kisijirudie. Ombi hilo husomwa na mtu, na linaweza kuchukua siku au wiki kadhaa kabla ya kujibiwa. Likikataliwa, kwa kawaida huwa bado kuna viungo ambavyo hujavigusa; rudi kwenye ripoti, pakua orodha upya, na uendelee kutoka hapo.